Majina Tisa ya Uzi Mwekundu

Bomba la uani lilikuwa na kufuli tena. Bibi Fundo alilikazia macho kufuli lile kwa hasira, si kwa ajili ya maji, maana ndoo ya jana ilibaki na ya kutosha kunawa, bali kwa ajili ya sauti. Kila asubuhi hulifungulia bomba mpaka mwisho, akainama juu ya ndoo, akakohoa weee mpaka kifua kitulie, huku maji yakipiga bati na kumfichia siri yake. Leo mwenye nyumba alikuwa ameamua kwamba wapangaji wanatumia maji kama waliorithi mto. Na kikohozi hakijui habari za kufuli, kilikuwa kimeshafika kooni.

Akakimbilia nyuma ya choo, akajiziba mdomo kwa upindo wa gauni. Aliporudi, macho yamejaa machozi, mjukuu wake alikuwa amesimama mlangoni na sare ya shule, soksi moja mguuni, nyingine mkononi.

"Bibi, ni kifua?"

"Kifua gani? Moshi wa jiko la jirani."

"Jirani hajawasha jiko."

"Basi ni wa jana. Vaa soksi, utachelewa."

Mtoto alivaa soksi huku anaruka kwa mguu mmoja kutoka mlangoni hadi kitandani na kurudi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na tangu alipojifunza kutambaa hakuna aliyewahi kumwona ametulia dakika mbili. Mtaa mzima ulimwita Kiroboto. Mama yake alikuwa amekwenda kutafuta kazi mji mwingine, akamwacha kwa bibi yake kwa wiki mbili, na wiki mbili hizo sasa zilikuwa na umri wa miaka mitano.

"Leo utakuja mapema kule kiwandani, siyo, bibi? Ukae mbele. Ukuta wetu uko upande wa kulia, kitambaa kimetundikwa juu kabisa. Majina yanaonekana hata ukiwa mlangoni. Mwalimu amesema uzi mwekundu huonekana mbali."

"Nitakuja."

"Na usiseme ni moshi mbele ya watu," alisema Kiroboto, akatoka mbio na begi likimpiga mgongoni.

Bibi Fundo alibaki anatafuta mahali pa kukaa na asipapate. Alikaa kitandani, akainuka. Akakunja nguo zilizokwisha kunjwa. Vidole vyake, kidole gumba na cha shahada, vilikuwa vinazungukana vyenyewe, kama vilivyozoea kufanya kila akiwa na wasiwasi. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo cha mji ule, na uzi ukikatika mashineni, hakuna aliyeufunga fundo haraka kuliko yeye. Kiwanda kilikuwa kimefungwa miaka kumi na mitano sasa. Vidole havikuwa vimepata habari.

Mambo ya kitambaa yalianza wiki sita nyuma. Mwalimu wa sanaa, binti mdogo mwenye viatu vilivyoshonwa upya pembeni, aliwaambia watoto wa darasa la sita waende makwao watafute kitu chochote kilichofumwa pale kiwandani. Hakutegemea mengi. Kumbe kila nyumba ilikuwa na kitu: pazia lililochanika, shuka ya mgonjwa, mfuko wa unga, nguo ya kazini iliyogeuzwa kitambaa cha kupangusia meza. Watoto waliviosha, wakavikata, wakaviunganisha mpaka wakapata kitambaa kikubwa cha kufunika ukuta. Halafu wakaanza kuuliza maswali, na hapo ndipo kazi ya sanaa ilipogeuka kuwa kazi nyingine. Walipita nyumba kwa nyumba kwa wazee waliowahi kufanya kazi mle. Waliuliza nani alifuma nini, alisimama mashine gani, sasa yuko wapi. Kwa swali hilo la mwisho walipata jibu lilelile mara tisa: kifua kilimuua.

Waliyaandika majina hayo tisa kwa sindano na uzi mwekundu katikati ya kitambaa. Hayakuwa majina ya vyeti. Yalikuwa majina ya kiwandani: Mapengo, Sukari, Dirisha, Mama Pacha, Jogoo, Miwani, Kijiko, Shangazi, Kimya. Chini yake wakadarizi sentensi moja waliyoitunga wenyewe, kwa mishono iliyopinda: *Walifuma hapa. Waliondoka na kifua.*

Wazee waliwafundisha pia kusema kwa mikono. Mle ndani mashine mia mbili zilikuwa zikilia kwa pamoja, na hata ungempigia mtu kelele sikioni asingekusikia, kwa hiyo wafumaji walizungumza kwa viganja kutoka safu hadi safu. Kila mtu alikuwa na ishara yake. Mapengo ilikuwa kuvuta mdomo wa juu kwa kidole. Sukari, kugusa ulimi. Dirisha, kuchora pembe nne hewani. Fundo, kuzungusha kidole gumba na cha shahada. Ukimtaja mtu kisha ukageuza kiganja juu, umeuliza: yuko wapi? Jibu lilikuwa moja kati ya matatu. Kidole kikionyesha chini, yupo. Kidole gumba kikipita juu ya bega, amekwenda nyumbani, zamu yake imeisha. Na kiganja kikipigwa kifuani mara mbili, basi ni kifua, ule ugonjwa wa vumbi la pamba. Kifua kimeshamwingia. Waliotajwa kwa ishara hiyo walikwenda kwa mganga wa zahanati ya kiwanda, naye akawaandikia kadi, na kwenye kila kadi, mwaka baada ya mwaka, aliandika neno moja: mafua.

Kiroboto alizijua ishara zote kwa siku mbili. Tangu hapo nyumba haikuwa na raha. Alizungumza kwa mikono mezani, chooni, kitandani.

Saa nne mwalimu wa sanaa alibisha hodi. Jasho lilikuwa linamtiririka, na hakukubali kukaa.

"Shikamoo, bibi. Samahani, naomba tuondoke sasa hivi. Bwana Ratiba amekiona kitambaa."

Bwana Ratiba alikuwa afisa utamaduni. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta bila karatasi ya ratiba mkononi, hata msibani.

"Amekiona, amesemaje?"

"Anataka majina yatoke. Ameshika wembe."

Bibi Fundo alivaa ndala zisizofanana na hakugundua mpaka walipofika nusu ya njia. Alitembea kwa kasi zaidi kuliko kifua chake kilivyoruhusu, na kila walipofika pembeni mwa barabara alijifanya anatazama kitu ili avute pumzi. Mwalimu naye alijifanya haoni.

Getini walisimamishwa. Mlinzi alikuwa kijana, sare mpya, na mbele yake kulikuwa na daftari kubwa la wageni.

"Jina, kitambulisho, unakwenda kumwona nani."

"Mwanangu, nimepita geti hili miaka ishirini na miwili. Lilikuwa la bati."

"Sawa, mama, lakini leo umekuja kama mgeni. Sababu ya kuja?"

Bibi Fundo alifikiri. Mwalimu akamtazama mlinzi, mlinzi akazitazama ndala za bibi, moja ya bluu na moja ya kijani, akaamua mwenyewe. Kwenye nafasi ya sababu aliandika: *Usafi*.

Ndani hapakuwa na mashine hata moja. Kampuni iliyolinunua jengo ilikuwa imelifanya ghala, maboksi yamepangwa hadi darini, na kona moja ya mbele, yenye ukubwa wa vyumba viwili, ilikuwa imepakwa rangi nyeupe na kupewa jina la Ukumbi wa Kumbukumbu, uliokuwa unazinduliwa leo. Huko ndiko kitambaa kilikotundikwa. Bwana Ratiba alikuwa juu ya kiti, wembe mkononi, akiutafuta mwanzo wa herufi ya kwanza.

"Shuka," alisema Bibi Fundo.

Alisema kwa sauti kubwa, kama wote waliofanya kazi mle. Bwana Ratiba alishuka kabla hajajua nani kamwamuru.

"Karibu, mama. Ndiyo kwanza nilikuwa nasema tukupate wewe, mzoefu. Kazi ya watoto ni nzuri, nzuri sana. Tatizo ni dogo tu, hapa katikati."

"Hapa katikati pana watu tisa."

"Ndiyo, sasa, mama yangu, nielewe. Leo ni shughuli ya furaha. Mgeni rasmi ni mkurugenzi wa kampuni, na kampuni haikuwepo enzi hizo. Anakuja kukata utepe, anakutana na neno *kifua*. Hivi limekaaje hapo ukutani? Na tumethibitisha vipi? Kuna cheti?"

"Kulikuwa na kadi."

"Kadi zilisema nini?"

Vidole vya Bibi Fundo vilianza kuzungukana. Bwana Ratiba naye hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa linakera zaidi, kwa sababu alishusha sauti na kuweka mkono begani mwa bibi kwa upole kabisa.

"Kampuni imeahidi mabati ya paa la shule. Mwalimu anajua. Darasa la sita mvua ikinyesha wanahamia kwa darasa la nne. Mimi nina muda mpaka saa nane, nina wembe, na nina maelekezo kutoka juu. Nisipoyatoa mimi, atakuja mwingine akitoe kitambaa chote."

Mwalimu wa sanaa alikuwa anaangalia sakafu. Bibi aliuona mshono wa pembeni mwa kiatu chake, na akajua kwamba hata huyu binti ana mtu juu yake, na mtu huyo ana mtu juu yake, ngazi hadi ngazi, na kwamba chini kabisa ya ngazi hiyo ndiko walikosimama Mapengo na Sukari.

"Ukikata kwa wembe kitatoboka," alisema hatimaye. "Hiki kitambaa kina umri mkubwa kuliko wewe. Nipe sindano. Nitafumua mwenyewe."

Alikaa chini na kitambaa magotini, akaanza na Kimya, kwa kuwa lilikuwa fupi. Mkono wa mtoto huonekana katika mishono. Huyu alivuta sana, yule aliruka, mwingine alijichoma, akaacha tone dogo la damu na kulifunika kwa herufi. Bibi Fundo aliinua kila mshono kwa ncha ya sindano na kuvuta uzi bila kuukata. Jina la Shangazi lilikuwa limeandikwa na Kiroboto. Alilijua kwa namna lilivyokuwa linapanda juu badala ya kwenda mbele.

Shangazi alisimama mashine ya jirani kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwa na kicheko ambacho hakuna aliyewahi kukisikia mle ndani, kilionekana tu. Siku moja alipiga kifua chake mwenyewe mara mbili, kwa mzaha, akaendelea na kazi. Miezi saba baadaye walikuwa wanambeba.

Uzi ulipotoka ulibaki msururu wa matundu, na matundu yale yalisomeka vilevile kama herufi. Hapo ndipo mikono ya bibi ilipomsaliti. Bila hata kuambiwa, alilowesha kidole kwa mate, akasugua kwa ukucha, huku na huku, mpaka nyuzi za kitambaa zikarudi kila moja mahali pake na tundu likaziba. Ndivyo alivyofundishwa kuficha kasoro kabla ya ukaguzi. Alisugua jina baada ya jina, kisha na ile sentensi ya chini. Alipomaliza, Bwana Ratiba aliinama na miwani puani.

"Mama, kama hakukuwa na kitu."

Na Bibi Fundo, Mungu amsamehe, alijisikia fahari. Ilidumu kwa muda wa kupepesa jicho, kisha akatamani kuutema ulimi wake ingawa hakuwa amesema neno. Alikohoa. Ukumbi ule mtupu ulikirudisha kikohozi chake mara tatu.

Darasa la sita liliingia saa nane, wamepanga mstari. Kiroboto alitoka mstarini kabla ya kuambiwa, akakimbilia ukuta wa kulia, akasimama chini ya kitambaa kilichotundikwa upya. Alitazama. Akarudi nyuma hatua tatu, akatazama tena, labda alikuwa amesimama karibu mno.

"Nani ametoa?"

Bwana Ratiba alikuwa na shughuli nyingi ghafla kwenye meza ya maji. Kiroboto aligeuka, akamwona bibi yake kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, na magotini kwake, juu ya gauni, bonge la uzi mwekundu.

"Ni wewe?"

"Wangekata kwa wembe, mama. Nimekiokoa kitambaa."

"Kitambaa?"

Hakulia. Angelia, bibi angejua la kufanya. Alimpa kisogo tu, akarudi mstarini, na huko mstarini alianza kuruka mguu huu na mguu ule, akimnong'oneza mwenzake wa kulia, kisha wa kushoto. Mnong'ono ulipita mstari mzima. Bibi Fundo aliugeuza ule uzi mkononi, akaufunga fundo, akaufungua, akaufunga.

Saa tisa watu walijaa. Viti vya mbele, vyenye vitambaa, vilikuwa vya kampuni na ofisi. Nyuma walisimama wazee wa kiwanda, kama thelathini hivi, wamevaa nguo zao za heshima, wakitafuta ukutani walichoambiwa na wajukuu zao kuwa watakiona. Bibi Fundo aliwaona macho yao yanapita juu ya kitambaa, yanateremka, yanapanda tena. Mmoja, aliyekuwa fundi wa mashine, alimgeukia akamuuliza kwa viganja: majina yako wapi? Bibi aliinamisha kichwa. Alitaka kuondoka. Aliinuka mara mbili, na mara mbili alikaa, kwa sababu mlangoni palikuwa na mlinzi na daftari lake, na hakutaka kuulizwa sababu ya kutoka.

Mkurugenzi, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alisema kwamba nguo ni urithi. Alisema mji usio na kumbukumbu hauna kesho. Bwana Ratiba alipiga makofi kila palipoonyeshwa kwenye ratiba. Kisha darasa la sita wakaitwa kuimba wimbo wa shukrani, beti nne, alioutunga afisa mwenyewe. Waliimba vizuri. Walipomaliza, wakatakiwa kuinama na kutoka.

Waliinama. Hawakutoka.

Kiroboto alisogea hatua moja mbele. Alivuta mdomo wake wa juu kwa kidole, kisha akageuza kiganja. Mstari mzima, watoto arobaini, ukafanya vilevile nyuma yake. Hakuna sauti iliyotoka.

Mapengo yuko wapi?

Viti vya mbele vilitabasamu. "Ngoma ya mikono," alisema mtu. Bwana Ratiba aliipekua karatasi yake, akaigeuza upande wa pili.

Watoto walikuwa wamesimama, viganja juu, wanangoja. Hawakuwa wanamwangalia mkurugenzi, walikuwa wanaangalia nyuma, kwa wazee. Swali la mle ndani halikuachwa bila jibu hata siku moja, ilikuwa ndiyo adabu ya kazi. Bibi Fundo aliinuka. Safari hii hakukaa. Alipiga kiganja kifuani, mara mbili.

Fundi wa mashine akafuata. Kisha mama mmoja aliyekuwa zamu ya usiku. Kisha wote.

Watoto waligusa ndimi. Sukari yuko wapi? Viganja thelathini vikapiga vifua thelathini, na safari hii vilisikika. Dirisha. Mama Pacha, vidole viwili pamoja. Jogoo. Miwani. Kijiko. Shangazi, ambaye ishara yake ilikuwa kushika mbavu kama mtu anayecheka. Kimya, kidole mdomoni. Mara tisa waliuliza, mara tisa walijibiwa, na kitambaa kilikuwa juu yao, kisafi, hakina hata tundu.

Mkurugenzi alipiga makofi kwa nguvu. "Hii imenigusa sana," alisema kwenye kipaza sauti. "Warudie, tafadhali. Warudie ya mwisho tupige picha."

Bwana Ratiba hakupiga makofi. Alikuwa anawatazama wazee, mmoja mmoja, na karatasi ilikuwa imeshuka pembeni mwa paja lake.

Kiroboto hakurudia ya mwisho. Aliinua mkono, akamtazama bibi yake moja kwa moja kwa mara ya kwanza tangu saa nane, na kuzungusha kidole gumba na cha shahada. Mwenzake wa kulia alimgeukia, hakulijua hilo, halikuwemo katika waliyopanga. Kiroboto akageuza kiganja juu.

Fundo yuko wapi?

Ingekuwa rahisi kuonyesha chini. Yupo. Ungekuwa hata ukweli, kwa kuwa alikuwepo, amesimama hapo na ndala zake za rangi mbili. Wazee wote waligeuka kumtazama. Bibi Fundo alikumbuka bomba, na maji, na ndoo, na asubuhi zote hizo. Akainua mkono uliokuwa na uzi mwekundu, akaupiga kifuani mara moja, akatulia, kisha mara ya pili.

Kamera zilikuwa zinawaka. Mkurugenzi alikuwa bado anapiga makofi, na Kiroboto alikuwa amesimama palepale, kiganja juu, hatikisiki.